Mama Plasta Anafunga Mizigo

Habari ya kazi mpya ilimkuta Mama Plasta akiwa na plasta mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko. Juu ya meza ndefu ya karakana alikuwa amekaa mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, kigutu cha mguu wake wa kulia kimezungushiwa bendeji nyeupe zinazochuruzika maji. Simu ilitetemeka dirishani, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Hebu nisomee," alimwambia mwenzake wa kazi, yule ambaye hospitali nzima ilimwita Kinyozi kwa jinsi alivyojua kuinyoa plasta kwa tupa mpaka ikang'aa kama upara.

Kinyozi alijifuta mikono kwenye suruali, akasoma, akasoma tena. "Wamekuchukua," alisema. "Mkataba wa miaka miwili. Unatakiwa uwe umeripoti baada ya wiki sita. Dada, wamekuchukua!"

"Sawa," alisema, akaendelea kukandamiza plasta chini ya goti kwa vidole gumba viwili. Plasta haimsubiri mtu. Ukizubaa dakika tatu imeshakuwa jiwe, na kosa lililoingia humo mgonjwa atatembea nalo mwaka mzima.

Yule mzee dereva akamtazama usoni. "Binti yangu, hiyo ni habari njema au mbaya? Maana uso wako haujaniambia kitu."

"Njema, mzee. Usitikise mguu."

Jina la Mama Plasta alipewa na wagonjwa, kwani mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza kwenye karakana ile ya nyuma ya hospitali, akiwatengenezea miguu ya bandia watu waliokatwa ya kwao. Maombi ya kazi aliyatuma miezi saba nyuma, zaidi kwa sababu Kinyozi alimsumbua kuliko kwa sababu alitaka. Ilikuwa karakana kubwa ya nchi ya mbali, yenye mafundi thelathini, na walitaka mtu aliyejifunza kwa mikono kabla ya mashine.

Kazi ya namna hiyo wengine huiombea usiku na mchana. Yeye alipoipata, moyo haukupanda wala haukushuka. Ulikuwa hivyo kwa miaka minne, tangu mumewe, aliyekuwa msoma mita wa idara ya maji, alipoanguka kazini asubuhi na kufikia adhuhuri akawa hayupo. Mama Plasta alifanya yote yaliyopaswa kufanywa. Hakulia sana, na watu waliliona hilo wakaliweka akiba. Tangu siku hiyo mambo yalimpita kama kelele za nyumba ya jirani: aliyasikia yote, hayakumhusu.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe wake. Bibi huyo alikuja siku ya msiba na begi moja na cherehani, akasema atakaa mpaka mambo yatulie. Mambo yalitulia, naye hakuondoka, na hakuna aliyemwambia aondoke. Majirani walisema yao. Wapo waliosema mke anamtumikisha mama wa watu. Wapo waliosema mama amekaa kulinda vitu vya mwanawe. Wenyewe wawili hawakusema kitu. Asubuhi walikunywa chai, mmoja akaenda hospitali, mwingine akakaa kwenye cherehani yake kushona sare za wanafunzi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na ushee.

Jioni ile Mama Plasta alimwambia akiwa bado hajavua viatu.

"Mama, ile kazi nimepata."

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. "Ile ya nje?"

"Ile ya nje."

"Huko kuna baridi?"

"Wanasema ipo."

Bibi akachukua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akainuka. "Geuka. Nyoosha mkono." Akampima mabega, kifua, urefu wa mkono, akaandika namba kwenye kiganja chake. "Nitakushonea koti. Makoti ya dukani yanabana kwapani." Hayo ndiyo yaliyosemwa siku hiyo.

Kesho yake Mama Plasta aliandika orodha nyuma ya fomu ya mgonjwa, akaibandika kwenye friji. Jino. Vyeti vya shule na vya ufundi, nakala zenye mhuri. Barua ya polisi ya tabia njema. Kipimo cha kifua. Fomu ya viza. Nyumba, kumrudishia mwenye nyumba. Vitu. Mwisho kabisa aliandika "Mama", akaangalia neno lile, akaongeza alama ya kuuliza.

Jino liling'olewa siku ya Jumatano. Daktari alishangaa jinsi alivyotulia kwenye kiti. "Ganzi imekolea vizuri," alisema akijisifu. Mama Plasta alitikisa kichwa. Hakuona haja ya kumweleza.

Polisi ndiko alikokwama mara ya kwanza. Askari wa kike aliyekuwa zamu alimshika kidole kimoja kimoja, akakibandika kwenye kioo cha mashine, akatazama kompyuta, akakunja uso.

"Mama, weka tena."

"Nimeweka."

"Haitokei kitu. Kazi gani unafanya?"

Akamwambia. Miaka kumi na tisa ya plasta, msasa na tupa ilikuwa imezilamba ncha za vidole vyake, zikawa laini kama sabuni iliyotumika.

"Huna alama za vidole, mama."

"Kwa hiyo nikiiba hamtanikamata?"

Askari alicheka mpaka akashika meza. Mama Plasta hakuwa ametania. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Askari akamshauri asiguse plasta wala msasa kwa wiki nzima, ajipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni, avae soksi mikononi wakati wa kulala, kisha arudi. "Zitaota," alisema. "Za waashi huwa zinaota."

Basi alichukua likizo ya wiki moja, ya kwanza tangu wiki ya msiba, akakaa nyumbani na mikono inayoteleza. Kwa kuwa hakuweza kushika kitu kizito, waliamua wafungue kabati la nguo za marehemu. Mama mkwe alikuwa anatoa, Mama Plasta anasema.

"Shati la bluu?"

"La kutoa."

"Suruali hii? Nilimpunguzia kiuno mwenyewe."

"Ya kutoa, mama."

Kabla ya kila nguo kuingia kwenye mfuko, bibi aliikung'uta, akakagua mishono, akakata nyuzi zilizochomoza, utadhani mwenye duka angeirudisha. Mfukoni mwa koti la kazi walikuta kijitabu cha kuandikia mita: namba za nyumba za watu, namba za maji waliyotumia, kwa mwandiko wake mdogo uliolala. Bibi alikishika kwa muda.

"Hawa walilipa kweli?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Basi na tuwasamehe," alisema, akakitia kwenye mfuko.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo Mama Plasta alipoanza kujaza fomu ya viza. Hali ya ndoa: mjane. Chini yake kimstari: ambatisha cheti cha kifo.

"Mama, cheti cha kifo tulikiweka wapi?"

Cherehani ilikuwa inakimbia. "Kipo kwao ofisini," alijibu bibi bila kuinua kichwa. Mama Plasta alikumbuka kwamba miaka minne iliyopita bibi alimwambia, wewe tulia, hilo la karatasi nitalishughulikia mimi. Akashukuru, akalisahau.

Jumatatu akaenda ofisi ya vizazi na vifo. Haikuwa mbali, mtaa wa pili tu, jengo lenye ngazi tatu na kiyoyozi kinachodondosha maji mlangoni. Karani, dada mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, aliandika jina la marehemu kwenye kompyuta, akangoja, akaandika tena.

"Hapa mumeo yu hai," alisema.

"Hayuko hai."

"Mimi nakuamini, dada yangu. Kompyuta ndiyo haijui. Hakuna aliyeleta karatasi ya hospitali. Ile hupewa ndugu mara moja tu, na ndugu ndiye huileta hapa tumwandike. Nani aliichukua?"

Mama Plasta alisimama pale mbele ya dirisha, akihisi mafuta ya mgando kati ya vidole vyake. "Namjua," alisema.

Alirudi kwa miguu. Bibi alikuwa anashona mkono wa lile koti, kitambaa kizito cha rangi ya majivu.

"Mama. Hukuipeleka."

Gurudumu la cherehani lilizunguka lenyewe kidogo, kisha likasimama. Bibi hakukana. Aliinama, akavuta droo ndogo ya cherehani, akatoa mikebe ya sindano, karatasi za kukatia ruwaza, na chini kabisa bahasha ya hospitali iliyokunjwa mara mbili. Akaiweka mezani, akailainisha kwa kiganja kama anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata.

"Nilifika mpaka pale kwenye ngazi," alisema. "Mara mbili. Mara ya kwanza foleni ilikuwa ndefu, nikasema nitarudi. Mara ya pili hakukuwa na foleni. Ndiyo ikawa mbaya zaidi."

Mama Plasta alikuwa amesimama.

"Nilijiambia, wakishaandika, itakuwa imeandikwa," bibi aliendelea. "Mimi ndiye niliyepeleka karatasi yake ya kuzaliwa, ofisi hiyohiyo. Nilikuwa nimembeba mgongoni, ananivuta hereni. Nirudi na hii tena? Nikaona hakuna anayeidai. Hawajaja kuniuliza hata siku moja." Akainua macho. "Sikujua kwamba wewe ungekuja kuihitaji. Nigombeze."

Mama Plasta aliitafuta hasira. Aliitafuta kweli, maana alijua hapa ndipo mahali pake: siku zinaisha, fomu haijakamilika, na kwa miaka minne alikuwa akiitwa mjane mtaani huku serikalini akiwa mke wa mtu. Hakuipata. Alichokiona ni kwamba mstari mmoja wa mshono kwenye mkono wa koti ulikuwa umekwenda kombo, jambo ambalo hajapata kuliona katika kazi ya bibi huyu.

"Wanafungua saa mbili," alisema. "Tuwahi kesho."

Walifika saa mbili kasorobo. Bibi alivaa gauni lake la kwenda kwa watu na akabeba bahasha ndani ya mkoba, na mkoba akauficha kwapani. Karani mwenye miwani aliwakaribisha viti viwili.

"Mtoa taarifa ni nani?"

"Mimi," alisema bibi. "Mama mzazi."

Karani aliuliza, bibi akajibu. Jina kamili. Mwaka wa kuzaliwa. Kazi: msoma mita. Aliijibu kila moja kwa sauti ya mtu anayetaja vipimo. Walipofika katikati ya ukurasa karani akasita.

"Mmechelewa miaka minne. Lazima nijaze sababu ya kuchelewa."

Bibi alishusha mkoba mapajani. "Andika mama yake hakuwa tayari," alisema.

"Hakuna nafasi ya hivyo, mama. Kompyuta inanipa tatu tu nichague. Ugonjwa, kutojua, au umbali."

Kiyoyozi kilidondosha tone, kikadondosha jingine.

"Weka umbali," alisema Mama Plasta.

"Mnakaa wapi?"

"Mtaa wa pili kutoka hapa."

Karani alimtazama yeye, akamtazama bibi na mkoba wake mapajani. Kisha akarudisha miwani juu ya pua. "Umbali," alisema, akabonyeza.

Bibi aliweka sahihi yake taratibu, herufi moja moja. Baada ya saa moja na nusu wakapewa cheti kikiwa bado na joto la mashine. Mama Plasta alihakiki majina, tarehe, mhuri, kama anavyohakiki mguu kabla haujatoka karakana, akakitia kwenye faili.

Hatua chache kutoka ofisini, mbele ya duka la vifaa vya umeme lililokuwa bado halijafunguliwa, bibi alikaa kwenye ngazi.

"Basi sasa amekufa," alisema.

"Ndiyo, mama."

Bibi alilia hapo, mchana kweupe, kwa sauti, watu wakipita. Mwenye duka alikuja na funguo zake, akawaona, akarudi nyuma akasimama ng'ambo ya barabara kuwasubiri wamalize. Mama Plasta alikaa kando ya mama mkwe wake, bega kwa bega, akimshikia mkoba. Alingoja labda na yeye machozi yatamjia. Hayakuja. Aliona tu kwamba miguu ya bibi ilikuwa imevimba juu ya viatu, akaandika moyoni: viatu vipana, namba tisa.

Mengine yalikwenda kwa kasi. Vidole viliota, na yule askari wa kike akapiga kofi moja la furaha kioo kilipoonyesha mistari. Kitanda, friji na meza vilipata wenyewe. Kila siku mtu alikuja na kamba, akatoka na kitu, na vyumba vikaanza kujibu mtu akikohoa.

Swali lililokuwa kwenye orodha lilijibiwa na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja Jumamosi moja na gari la kuazima kumchukua mama yake. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye duka la vifaa vya shule, na alianza kusema tangu mlangoni.

"Wifi, hongera. Tumesikia kwa watu."

"Nilikupigia, hukupokea."

"Nilikuwa na wateja. Haya. Miaka minne mama anakufaa, anakupikia, anakufulia. Leo umepata nchi yako, mama anakuwa mzigo."

Mama Plasta alikuwa anafunga kamba kwenye cherehani. Alijua kwamba mtu mwingine angejibu, na hata maneno ya kujibu aliyajua yalivyo. Yalikuwa mbali naye, kama kitu kilichowekwa juu ya kabati refu.

Aliyejibu ni bibi. "Nyamaza wewe. Nani kakwambia nimeachwa? Mizigo nimefunga mwenyewe. Kama ni kufua, mimi ndiye ninayefuliwa. Tangu mkono huu upate baridi yabisi sijakamua hata leso. Ulishawahi kuuliza?" Akajitwika begi lake. "Na hilo gari kama ni la kuazima, usilizime, lisije likatuumbua hapa."

Wifi aliinua upande mmoja wa cherehani. Mama Plasta akainua mwingine. Walishuka nayo ngazi wakienda upandeupande kama kaa, mmoja akisema "pole pole", mwingine "kulia, kulia kwako". Chini, wifi alijifuta jasho na kusema, bila kumtazama, "Mimi nisingeweza kukaa naye miaka minne. Nakwambia ukweli." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Mama Plasta aliipokea ilivyo.

Bibi alikaa kiti cha mbele, akashusha kioo. Alitoa mkono, akamvuta kola ya lile koti la rangi ya majivu, ambalo alimlazimisha alivae juani ili alione.

"Linakukaa," alisema. "Mkono wa kushoto una kasoro. Nilitaka kuufumua."

"Uache hivyohivyo, mama."

"Haya. Kula. Ukisahau kila kitu, hilo usisahau."

Gari likaondoka. Mama Plasta alipanda juu, akafagia pale cherehani iliposimama. Kulikuwa na pini kumi na moja kwenye nyufa za sakafu, akazitoa zote.

Siku ya mwisho kazini alimvisha mzee dereva mguu wake mpya. Mzee alitembea kati ya vyuma viwili, akarudi, akatembea bila kushika. "Huu utanifikisha," alisema. "Ila wewe nani atakufikisha?" Kinyozi alimkatiza kwa kumwambia ajaribu ngazi. Kisha mafundi wenzake walimpandisha Mama Plasta na sanduku lake kwenye mizani ya wagonjwa, wakatoa uzito wake, ikabaki kilo ishirini na tatu kamili, kiasi kilekile kinachoruhusiwa kwenye ndege. Wakapiga makofi kama vile ameshinda kitu. Kinyozi alitaka kusema neno, akasema, "Ukifika tuma ujumbe," akaingia stoo akakaa humo mpaka Mama Plasta alipoondoka.

Aliondoka asubuhi, peke yake, kwa teksi. Hakukuwa na mtu wa kumpungia, kwa kuwa ndivyo alivyopanga.

Huko alikokwenda walimpa chumba chenye kitanda, jiko dogo na dirisha linalotazama ukuta. Kazi ilikuwa ileile, watu ni walewale waliokatwa, ila maelekezo yalipita kwa mkalimani. Alifanya vizuri. Wiki ya tatu msimamizi alimpa wanafunzi wawili. Aliamka, akafanya kazi, akala kwa sababu aliambiwa ale, akalala.

Jumapili moja alasiri simu ililia. Ilikuwa namba ya wifi, lakini sauti ilikuwa ya bibi, anapiga kelele kana kwamba umbali unahitaji nguvu.

"Unanisikia? Huyu dada yako anatia sukari kwenye chai kama anapiga lipu. Nitakufa kwa utamu. Wewe mzima?"

"Mzima, mama. Miguu yako?"

"Ipo, miwili, sijakuhitaji bado." Akacheka peke yake, akakohoa. "Sikiliza. Juzi walipita watu wa kuandikisha wazee, wa kliniki. Wakaniuliza, bibi, una watoto wangapi walio hai? Nikawaambia wawili. Mmoja huyu hapa mwenye duka, na mmoja yuko nje kikazi, anatengeneza miguu. Wakaandika. Nimekosea?"

Mama Plasta aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Haloo? Imekatika?"

"Haijakatika," alisema. "Hukukosea, mama."

"Basi. Maana wameshaandika. Haya, huyu anataka simu yake."

Simu ilipokatika aliona kwamba amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, na hakumbuki alikaa saa ngapi. Alikaa hivyo kitambo, akiutazama ukuta wa dirishani ukibadilika rangi jua lilipouhama. Halafu akainuka, akafua soksi, akazianika, akapanga nguo za kesho, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu.